Usiwamwage nyuki waliozama

Isevya, Tabora
12 Oktoba

Kwako shoga yangu Kalunde,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, watoto wazima, joto tu ndilo linalotutesa. Maembe bado mabichi.

Uliniandikia kwamba kila asubuhi unakuta nyuki wamejaa kwenye beseni la maji karibu na mizinga, na unawamwaga pamoja na maji. Kalunde, wengine hao unawatupa wazima!

Jumapili nilikuta kumi na mmoja kwenye ndoo yangu chini ya mwembe. Niliwaopoa kwa kijiko, nikawatandaza juu ya kanga kuukuu juani. Walikuwa wamejikunja, mabawa yamegandamana, huwezi kusema wana uhai. Nikaendelea kuchambua mchele. Mara mmoja tumbo likaanza kunywea na kutanuka, polepole, kama mtu anayehema usingizini. Kisha mguu mmoja. Kisha akakaa anapangusa vipapasio vyake, kimoja baada ya kingine. Nilisahau mchele. Saba waliruka.

Mdudu hapumui kwa mdomo wala pua. Ana vitundu vidogo ubavuni, na ndani yake mirija inayopeleka hewa moja kwa moja mwilini. Akizama huweza kuvifunga, na maji yenyewe hayapenyi kirahisi kwenye tundu dogo namna ile. Hewa ikipungua anazimia, anatumia kidogo sana. Ndiyo maana maji ya sabuni yanamuua haraka: sabuni inayafanya maji yapenye. Basi beseni la kufulia usiliache wazi karibu na mizinga, tafadhali.

Unakumbuka yule mdudu mweusi tuliyemtazama bwawani Igombe, mwenye tone linalong'aa mkiani? Lile ni povu la hewa, amelibana chini ya mabawa. Anavyovuta oksijeni ya ndani, nyingine inaingia kutoka majini, kwa hiyo linamfaa muda mrefu kuliko ungedhani. Likisinyaa anapanda juu kuchukua jingine. Kiluwiluwi cha mbu naye hupanda juu kupumua, na mafuta ya taa yakitanda juu ya maji anakosa hewa.

Ila lililonishangaza zaidi linatoka Kanada. Katika maabara ya Chuo Kikuu cha Guelph maji yaliingia kwa bahati mbaya kwenye vikopo vya malkia wa nyuki wanene wenye manyoya, waliokuwa wamelala usingizi wa majira ya baridi ndani ya friji. Wakadhaniwa wamekufa, kumbe wapo. Watafiti wakajaribu makusudi, na matokeo yakatoka mwaka 2024: waliozamishwa siku saba nzima, zaidi ya asilimia 80 walipona. Siku saba, Kalunde! Wetu wa asali hawafiki huko hata kidogo, maana hawalali usingizi ule. Nyuki wa kazini ukimchelewesha humpati. Wanne wangu hata jioni hawakuamka, nikawazika chini ya mwembe.

Kwa hiyo weka vijiti na mawe ndani ya beseni wapate pa kutua, maji yawe haba. Watakaozama waanike kwanza, uwape hadi adhuhuri. Ukija mjini na gari la asali, niambie wangapi waliruka.

Wako,
Mama Zuhura