Barua kwa mwanangu anayevuka kwenda Ukara

Mwanangu mama,

Bwana asifiwe. Huku Igombe tu wazima. Mama yako anaanika dagaa, mawingu hayampi nafasi. Barua hii nampa dereva wa daladala ya alfajiri akufikishie chuoni kabla ya Ijumaa. Ningekurekodia sauti kama kawaida, lakini nyumba yetu unaijua, neno likisemwa sebuleni linasikika jikoni.

Jana mdogo wako alinisikilizisha ushuhuda ulioutoa kwenye mkesha. Nilifurahi, mama. Sauti imetulia, hukimbizi maneno kama zamani. Pale uliposema ulivyokuwa ukiona aibu kusali mbele ya wenzako wa bwenini, mpaka unajifunika shuka ndipo usali, nilimwambia arudishe nisikie tena. Na pale ulipomfuata yule msichana mliyegombana ukamwomba radhi wakati kosa lilikuwa la wote wawili. Hilo hata mimi sikulijua.

Ulipofika kwenye habari yangu ya ziwani nikamwambia azime simu.

Ukifika Ukara usiiseme ile habari. Nakuomba hivyo hata kabla sijakueleza sababu, maana nakujua, ukianza kusoma sababu unaanza kutafuta majibu.

Wewe mwaka 2018 ulikuwa bado mdogo, ulisikia redioni tu. Mimi nilikuwa na watu kule. Tarehe 20 Septemba, siku ya gulio la Bugolora, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimebaki kidogo tu kitie nanga Bwisya, hapo Ukara. Waliokuwa nchi kavu wanawaona. Walikufa watu zaidi ya 220, na wengine hawakutambuliwa, wakazikwa hukohuko kisiwani. Baada ya siku mbili fundi mmoja akatolewa akiwa hai. Mmoja. Sasa wewe unakwenda kusimama katika kisiwa hicho, mbele ya watu hao, useme Mungu alimtoa baba yako majini kwa kuwa alimwita? Mama aliyezika watoto wake atarudi nyumbani anawaza nini? Kwamba wa kwake hawakuita?

Najua utaniambia wale vijana wenzako wamekupangia, kwamba Ukara ni watu wa maji na habari ya maji itawagusa. Itawagusa, ndiyo. Ndiyo maana nakuandikia.

Halafu kuna hili la pili. Ulisema nilisikia sauti ikiniita kwa jina na nikaona nuru juu ya wimbi. Hiyo nuru umeipata wapi? Nimekesha nikijiuliza, na naogopa uliipata kwangu. Miaka ile ya kwanza nilipookoka nilipenda sana kusimama mbele. Watu wakisema amina, naongeza. Kila mwaka wimbi lilipanda. Usiku ule sikuita, mama. Tulikuwa tumevua, mwezi haujatoka, upepo ukaja kwa ghafla, na kichwani kwangu hakukuwa na sala yoyote.

Na dumu lilikuwa moja. La lita 20, la njano, lile la mafuta ya kula. Kamba yake nilijizungushia mkononi mara mbili. Mengine nitakueleza ukirudi, tukiwa wawili.

Mjane wa mwenzangu, yule wa Kayenze, alikuja kanisani kwetu siku moja kwenye ubatizo wa mtoto wa ndugu yake. Mimi ndiye niliyepewa nafasi ya ushuhuda. Nilimwona nikiwa nimeshafika katikati, kwenye benchi la nyuma, nami sikunyamaza. Akafunga kanga yake vizuri, akamnyanyua mtoto, akatoka taratibu kama mtu anayekwenda kumpa mtoto maji. Hakurudi. Mpaka leo tukikutana naye Mwaloni pale Kirumba anamsalimia mama yako, mimi ananipita. Mama yako anadhani ni mambo ya bei ya dagaa.

Bibi yako angeshangaa. Alikulia Bukoba, akaokoka akiwa msichana, katika uamsho ule ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda ukafika kwao. Kwa watu wale kushuhudia hakukuwa kusimulia muujiza. Mtu akisimama anataja alichoiba na aliyemchukia, kesho yake anaonekana njiani anarudisha. Bibi alirudisha jembe. Alilibeba begani mchana kweupe, watu wakimwangalia, mpaka kwa jirani ambaye hakuwa akisemezana na mama yake, na uzeeni alikuwa akisimulia bado anausikia ule mpini ukiteleza kwa jasho la kiganja. Nimekua nikisikia habari ya jembe lile. Nikaokoka na mimi, nikasimama mbele za watu, dumu nikaliacha.

Soma tena Matendo 22. Paulo anasimulia nuru ya njia ya Dameski, sawa, lakini hakuficha kwamba Stefano alipokuwa anauawa yeye alisimama pale akikubali, akitunza nguo za wauaji. Mimi nilisimulia nuru tu, na nuru yenyewe haikuwepo. Wokovu wangu ni kweli, usije ukadhani nakana. Yesu alinipata, lakini alinipata miezi mingi baadaye, nchi kavu, nikiwa siwezi kula samaki wala kuangalia maji. Hiyo ndiyo habari yenyewe, na ni ya kwangu kuisema. Wewe sema ya kwako ya shuka. Unaiona ndogo, nimekusikia ulivyoipitia haraka ili ufike ziwani. Usiipitie haraka. Yuko msichana Ukara anayejifunika shuka hivyohivyo.

Na usiongeze kitu. Kama machozi hayakutoka, usiseme yalitoka.

Wewe una tabia moja, utaniahidi leo, halafu ukishika kipaza sauti unasahau. Ulinifanyia hivyo siku ya mahafali. Ndiyo maana nairudia: habari ya ziwa iache. Mtu akikuuliza mwenyewe, "Je, baba yako ni yule wa Igombe aliyepona?" mjibu ndiyo, kisha umuulize yeye alimpoteza nani, unyamaze umsikilize. Mwache aseme mpaka amalize. Usimjibu kwa mstari wa Biblia.

Mkiwakuta watu shambani msiwasimamishe. Watu wa Ukara hulima vipande vidogo, wanavitilia samadi kwa mikono yao tangu enzi za mababu, na kazi yao haingoji. Shikeni jembe kwanza. Jifunze salamu ya Kikara hata kama utaikosea. Wenzako wasipige picha makaburini.

Hapa bati la jikoni limeanza tena kuvuja palepale, vuli imetukuta hatujaliziba. Gunia la dagaa wa wiki iliyopita lilinyeshewa, tumeuza kwa bei ya chakula cha kuku. Kwa hiyo ada iliyobaki nitaituma mwisho wa mwezi, giza la mwezi likirudi watu wakaingia ziwani kuvua. Waambie ofisini wasikuandikie barua nyingine. Mdogo wako anataka viatu vyako vyeusi, mama yako amekataa. Mbuzi amezaa mapacha, jike na dume, na jike ni wako.

Mama yako amekuwekea karanga na sweta kwenye mfuko huu. Kuna na bahasha ndogo haijaandikwa jina. Usiifungue, itunze tu. Ukirudi utanisindikiza Kayenze, maana peke yangu nimeshafika mpaka kwenye mwembe wake mara mbili nikageuza.

Pale Bugolora kivuko kikijaa ngojeni kinachofuata, hata kama wenyeji wenu wanawasubiri na chakula kinapoa. Jaketi la kuokolea livae kabla hujakaa, ufunge kamba zake zote, na usimwonee mtu haya. Ukishafika Bwisya nipigie. Usiku wowote, sitalala.

Baba yako