Cazaly hakuwa mrefu

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu mpira wa Australia, ule wa mpira wa umbo la yai unaodakwa kwa mikono, si soka, niliifurahia, ila kuna mahali mmeteleza. Mmeandika kwamba Roy Cazaly, yule mchezaji maarufu wa zamani, alijaliwa urefu. Alikuwa na kama sentimita 180 tu. Kwa kazi yake, ya kurukia mpira wa juu katikati ya majitu, huo ni ufupi.

Naishi Melbourne, alikozaliwa mwaka 1893, na huku jina lake halijazikwa. Juzi uwanjani mzee mmoja nyuma yangu alijimwagia chai akipiga kelele, "Juu huko, Cazaly!" Kijana aliyekuwa akishangiliwa hata babu yake sidhani kama alimwona Cazaly. Kelele hiyo ilianza na Fred Fleiter, mchezaji mwenzake wa klabu ya South Melbourne, miaka ya 1920: Fleiter anawazuia wapinzani kwa kifua, Cazaly anapaa. Katika Vita vya Pili vya Dunia askari wa Australia wakaenda nayo vitani.

Kupaa huko alikufanyia kazi. Alitundika mpira kwenye dari la banda, akawa anaurukia siku nenda rudi. Tena alikuwa na imani yake: ukivuta pumzi ndefu wakati unaruka, kifua kikajaa hewa, mwili unakuwa mwepesi. Mwalimu wa fizikia atacheka. Waliomkaba hawakucheka. Pombe na sigara hakugusa.

Na mlango wenyewe wa kuingia kwenye mchezo huo aliukuta wazi. Mwaka 1911 wachezaji wa klabu ya St Kilda waligoma baada ya kukorofishana na uongozi, klabu ikaokoteza vijana wa kujaza nafasi. Cazaly, miaka 18, akawamo. Mgomo ukaisha, yeye akabaki. Alicheza mechi 99 pale, kisha 99 nyingine South Melbourne, klabu ambayo mwaka 1982 ilihamia Sydney. Mara ya kwanza kuziona namba hizo nilidhani ni kosa la mpiga chapa.

Baadaye alifundisha timu kadhaa, akahamia Tasmania, akafariki Hobart mwaka 1963. Hayo mmeyapata sawasawa.

Lile la urefu naomba mlirekebishe. Nina mpwa wa miaka 14 anayesoma ukurasa wenu kila wiki, na makocha wawili wameshamrudisha nyumbani kwa kuwa ni mfupi.

Msomaji wenu,
Melbourne