Mama Rehema, alama kumi tu!

Atlanta, Novemba

Shoga yangu Mama Rehema,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, baridi imeanza kuuma, mgongo wa Baba Latifa uko vilevile. Kimya changu usikitie moyoni. Kilichonishika ni Latifa na huu mtihani wao wa SAT, ule wa kuombea chuo.

Mei alipata 620 za kusoma na kuandika, hesabu 560. Oktoba hesabu ikapanda hadi 610, kusoma kukashuka hadi 580. Yaani 1180, halafu 1190. Chuo anachokitaka huchukua alama ya juu ya kila sehemu hata kama ni za siku tofauti, ndiyo hiyo supaskoo wanayoisema watoto. Basi ana 1230! Nikapiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta.

Kumbe 1230 ni ya kupokelewa tu. Kwenye ufadhili wanataka 1200 za siku moja. Nikapiga simu, dada wa ofisini akanisomea kifungu polepole, akarudia. Chuo hichohicho, mtoto huyohuyo, ofisi hii ana 1230, ofisi ile ana 1190. Alama kumi, shoga, huenda ni swali moja!

Na si wao peke yao. Zell Miller, ufadhili wa jimbo hapa Georgia, nayo inataka 1200 kwa mkupuo mmoja. Bright Futures, ufadhili wenu huko Florida, inaunganisha alama za siku tofauti. Angekuwa kwenu angeshaivuka ile 1210 ya daraja la pili. Baba Latifa anasema tuhamie Jacksonville. Nimemwambia atangulie.

Mzee Kombo naye, "chuo ni chuo, mpeleke popote." Watoto wake wameshamaliza, ada haimhusu.

Sasa Desemba arudie? Kwa ufadhili hapotezi kitu, wanaangalia siku aliyofanya vizuri zaidi. Ila kile chuo cha Georgetown anachokiota kinataka alama za kila mara uliyokaa kwenye mtihani, akianguka wataona. Na amechoka, insha za maombi hata nusu hajafika. Mimi nasema arudie, lakini nikimtazama usiku kwenye ile meza…

Jabiri wako alirudia? Mlipeleka alama zipi? Uliwahi kuwaandikia ofisi ya ufadhili wakakubali kulegeza? Kile kitabu chake cha hesabu bado kipo? Mpe Zainabu akija Thanksgiving. Na mambo ya Zainabu yameishia wapi, mbona hakuna anayeniambia? Nipigie Jumapili, baada ya adhuhuri.

Wako,
Mama Latifa