Mapigo Yako Nimeyahesabu Mwenyewe

Mwanangu mpendwa,

Nimeona nikuandikie ingawa tunaishi nyumba moja, maana mazungumzo marefu yanakuchosha, na karatasi unaweza kuiweka kando ukaichukua tena kesho. Isome ukiwa umelala. Usiinuke kwa ajili yangu.

Jana nilipokushika kifundo cha mkono, ukiwa umelala, mapigo yalikuwa 74 kwa dakika. Ukasimama kando ya kitanda bila kupiga hata hatua moja, na baada ya dakika tano yakafika 121. Nilihesabu tena nikidhani nimekosea. Miezi minne sasa tangu upone korona umekuwa ukiniambia, "Baba, nikisimama moyo unakimbia," nami nakujibu ujikaze. Nisamehe, mwanangu. Neno hilo sitakutamkia tena.

Usiku nilikesha nikisoma kuhusu korona ya muda mrefu, yaani dalili zinazobaki baada ya mtu kupona korona. Kumbe kila mtu anaposimama, nusu lita ya damu au zaidi huteremkia tumboni na miguuni. Kuna mishipa ya fahamu isiyongoja amri yetu, ndiyo inayoendesha mapigo, presha, jasho na tumbo. Hiyo huibana mishipa ya damu papo hapo, damu ikarudi juu, wala hatujui kama kuna kazi imefanyika. Korona huwaachia baadhi ya watu hitilafu katika mishipa hiyo. Damu ikibaki chini, moyo hauna budi kukimbia ili ubongo usikose damu. Kizunguzungu chako kikizidi ukiwa umesimama, na kikipungua ukilala, chanzo chaweza kuwa hapo.

Madaktari wana jina la hali hii, POTS. Kwa mtu mzima wanatazama mapigo yaliyopanda kwa 30 au zaidi ndani ya dakika kumi za kusimama, bila presha kushuka sana. Kwa rika lako, 40. Yako yalipanda kwa 47. Sisemi ndiyo ugonjwa wako, hilo ni la daktari kuamua. Lakini sasa naelewa kwa nini kile kipimo cha umeme wa moyo kilitoka kizuri ukaambiwa ni wasiwasi tu: ulipimwa ukiwa umelala chali! Nilikuwa nimekaa pale, nikanyamaza. Hilo linaniuma mpaka leo.

Moyo wenyewe nao tusiusahau. Kirusi cha korona chaweza kuleta uvimbe katika misuli ya moyo na kuudhuru utando wa ndani wa mishipa ya damu. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya wanajeshi wa zamani zaidi ya 150,000 walioambukizwa. Katika mwaka mmoja, hatari ya moyo kushindwa kazi, mapigo kwenda ovyo na damu kuganda ilikuwa juu kuliko kwa wasioambukizwa, hata kwa wale ambao hawakulazwa. Wengi wao walikuwa wanaume wa makamo na wazee, kwa hiyo usijihesabie hatari yao. Ila ukihisi maumivu ya kifua, ukizimia, au pumzi ikikata hata ukiwa umelala, niite saa yoyote, hata usiku wa manane.

Ile siku ulifua nguo zote, nikafurahi kwamba umepona. Siku mbili baadaye hukuweza kushika kikombe. Nilidhani ni uvivu umerudi. Kumbe mwili wa mwenye korona ya muda mrefu huweza kulipa deni kwa kuchelewa, siku moja hata tatu, na kujilazimisha huweza kumrudisha nyuma kwa wiki. Basi acha kazi ukiwa bado una nguvu, usingoje ziishe. Kunywa maji ya kutosha, keti kwanza kabla ya kusimama. Chumvi ya ziada na soksi za kubana tutamuuliza daktari.

Jambo moja limenigusa kuliko yote. Jina la korona ya muda mrefu halikutoka kwa madaktari. Lilianzishwa Mei 2020 na mgonjwa, mtafiti wa mambo ya kale aitwaye Elisa Perego, aliyekuwa akisimulia mwili wake mwenyewe. Shirika la Afya Duniani lilitoa maelezo yake rasmi Oktoba 2021. Wagonjwa walisema kwanza, kama ulivyosema wewe.

Alhamisi tunakwenda kwa daktari mwingine. Nimenunua daftari; kila asubuhi tutaandika mapigo ya kulala na ya kusimama, ili aone kwa macho yake. Na safari hii nitaomba akupime ukiwa umesimama dakika kumi, nami nitakuwa nyuma yako nikikushika. Bafuni nimeshaweka kiti.

Usijisumbue kunijibu. Ukimaliza kusoma gonga ukuta, nitakuletea maji.

Baba yako