Utani wa safarini huandaliwa nyumbani

Mhariri,

Shule zikifungwa tu, stendi za Nyegezi na Nyamhongolo hapa Mwanza hujaa familia, na gatini nako hujaa wanaovuka kwenda Ukerewe. Barua za wasomaji kipindi hicho nyingi ni za kulalamikia basi lililoharibika au meli iliyochelewa, na malalamiko hayo ni ya haki. Naomba nafasi nizungumzie upande wa abiria wenyewe: kwa nini familia moja hutoka kwenye basi bovu ikicheka, nyingine ikiwa imenuniana, na zote zimekaa juani saa zile zile.

Si suala la kuzaliwa mcheshi. Mtoto mwenye njaa au aliyebanwa na mkojo hachekeshwi na mtu yeyote, na mzazi aliyekesha akifunga mizigo hana subira ya utani. Kwa hiyo mizigo ifungwe mchana wa jana yake, watu walale. Mfuko wa mkononi ubebe maji, lita moja na nusu kwa kila mtu mzima, viazi vitamu vya kuchemsha, karanga, kanga mbili na nguo ya kubadilisha ya kila mtoto. Tiketi nayo isomwe vizuri. Nyingi siku hizi huchapishwa 06:00, na bibi akisomewa "saa sita" kwenye simu, atafika stendi mchana basi likiwa limeshaipita Nzega. Mwandikieni pembeni kwa kalamu: saa kumi na mbili asubuhi.

Kinachovunja furaha ya watoto kuliko vyote ni kutapika. Jicho linaona kiti kilichotulia mbele yake, huku sikio la ndani linahisi gari likiyumba. Ubongo hupokea taarifa mbili zinazopingana, kichefuchefu kikaanza. Ndiyo maana mtoto akae usawa wa katikati ya basi, si juu ya tairi la nyuma, na aangalie mbali nje, asishike simu. Melini pia akae katikati ya chombo, pasipochezacheza sana, na aangalie ng'ambo. Dawa hunywewa kabla ya kuondoka, tena kwa ushauri wa mfamasia, kwani kichefuchefu kikishaanza haisaidii sana. Promethazini, mojawapo ya dawa hizo, haipewi mtoto wa chini ya miaka 2. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019 na ya karatasi huloa ikapasuka, hivyo bebeni kopo la lita mbili lenye mfuniko, chini mtandike kurasa za gazeti zilizokunjwakunjwa. Karatasi hunyonya maji na kuzuia yasirukie nguo.

Hapo kuna sharti moja: mtoto aliyetapika hataniwi. Litaniwe kopo, itaniwe kona, litaniwe basi. Mtoto akichekwa mbele ya abiria, safari ijayo ataficha kichefuchefu mpaka kimmwagikie jirani.

Utani una wenyewe. Babu na bibi ni watani wa wajukuu kwa desturi, basi wakalishwe pamoja nao. Baba akimwambia mtoto aliyechoka kwamba uso wake umekunjamana, mtoto husikia karipio. Babu akisema hivyo hivyo, mjukuu anamjibu kwamba wa kwake ulianza zamani, na kiti kizima kinacheka.

Basi likisimama kwa ubovu, shukeni, kaeni mbali na lami, upande ambao magari hayapiti karibu, kanga zitundikwe kichakani ziwe kivuli. Kisha vitendawili. Kwa nini vitendawili na si michezo ya simu? Kwanza chaji haiishi. Pili, anayeshindwa hutoa mji, na miji iko njiani: Misungwi, Shinyanga, Nzega, Igunga, Singida, Manyoni. Mtoto aliyeutoa mji wa Igunga ataulizia Igunga mpaka ifike, na atakapoiona kwa macho ataitangaza kwa sauti kwamba imeshauzwa. Watoto wakichoka na vya zamani, watunge vipya vya pale pale, kuhusu jeki, mafuta yanayovuja au utingo aliyelala chini ya gari. Watu wazima wasiwasahihishe.

Wanaokwenda Geita na Bukoba kwa barabara wameondokewa na foleni ya kivuko tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025. Ni neema kubwa. Ila ile foleni ndiyo iliyokuwa nafasi ya watoto kunyoosha miguu na kwenda haja, kwa hiyo mwombeni dereva mapema asimame mahali pengine.

Ziwani utani una mpaka. MV Bukoba ilizama 21 Mei 1996, MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara 20 Septemba 2018, na vyote viwili vilibeba watu kupita uwezo wake. Mchezo wowote unaowakusanya watu upande mmoja wa chombo ukatazwe papo hapo, hata kama watoto wanafurahi. Jaketi okozi la mtoto liwe la saizi yake na likamatwe kabla ya viti. Chombo kikionekana kimejaa kupita kiasi, shukeni. Hapo hakuna cha kuchekea.

Mwisho ni ombi kwa makondakta na mabaharia. Kinachokausha kicheko si kuchelewa, ni kutojua. Semeni kilichoharibika ni nini, spea inatoka wapi na imeondoka huko saa ngapi. Familia ikijua itasubiri kwa muda wa saa tatu, inapanga: nani alale, nani akanunue maji, nani abaki na mizigo. Ikiambiwa "dakika tano" mara sita, hata bibi mcheshi hunyamaza. Na mnapotaja muda, tajeni mrefu kuliko mnaoutarajia. Gari likipona mapema, hakuna abiria atakayelalamika.

Msomaji wako,
Nyegezi, Mwanza