Kwa makatibu wa vikundi vya wavuvi: neno unaloliacha, msomaji atatia lake

Wanangu makatibu wa Kibirizi, Katonga na mialo mingine ya Kigoma,

Nawasalimu kutoka Ujiji. Mjukuu wangu, ambaye ni katibu mwenzenu, aliniletea mihtasari ya vikao vyenu niipitie kabla haijapelekwa halmashauri. Nimeisoma yote, mingine mara mbili. Hati zinasomeka na hesabu zimekaa sawa. Kilichoninyima usingizi ni jinsi sentensi zenu zinavyokaa kila moja kivyake, bila kiunganishi, yaani neno la kuonyesha hii inatokana na ile, au inaipinga, au imetangulia tu. Kazi hiyo mmemwachia msomaji, na msomaji hakuwepo kikaoni.

Miaka ya 1980, enzi za kuvulia kwa taa za karabai, nilikuwa katibu wa kikundi cha wavuvi wa dagaa. Siku moja niliandika hivi: “Mweka hazina hakuhudhuria kikao. Sanduku lilifunguliwa. Fedha zilipungua shilingi elfu nne.” Kila sentensi ilikuwa kweli. Lakini muhtasari ulipofika kwa wakubwa, waliozisoma sentensi zile tatu walizifunga kwa kamba yao wenyewe: mtu amekwepa kikao, sanduku limefunguliwa, fedha hazipo, basi mwizi ni yeye. Aliitwa, akahojiwa, akasimamishwa. Maelezo yalipopatikana na jina lake kusafishwa, alikuwa amekwisha kuvunjika moyo, na hakurudi tena katika kikundi. Kosa lile lilikuwa la kalamu yangu, na bado linaniuma.

Nilipaswa kuandika: “Mweka hazina hakuhudhuria kikao kwa sababu alikuwa mgonjwa. Hata hivyo, sanduku lilifunguliwa mbele ya wanachama wote kwa ufunguo alioutuma. Fedha zilikuwa pungufu kwa shilingi elfu nne, kwa kuwa kikao kilichotangulia kiliidhinisha kununua mafuta ya taa.” Mambo ni yaleyale, ila sasa hakuna nafasi ya mtu kubuni.

Ndiyo maana nawaomba msivione viunganishi kuwa mapambo ya kulainisha lugha. Ni kweli vinalainisha, na sentensi iliyoungwa vizuri husomeka bila kukwama. Lakini kwanza kiunganishi ni ushahidi. Chukueni jambo mnalolijua wote. Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024. Tuseme katika kipindi hicho wanachama wanne hawakurejesha mikopo. Ukiandika “kwa sababu ziwa lilifungwa, wanachama wanne hawakurejesha mikopo,” umewatetea. Ukiandika “kabla ziwa halijafungwa, wanachama wanne walikuwa tayari wameacha kurejesha mikopo,” umewashitaki. Ukiandika “ingawa ziwa lilifungwa, ni wanachama wanne tu ambao hawakurejesha mikopo,” umewasifu wengine wote. Neno moja dogo mwanzoni mwa sentensi linaamua nani atapewa muda na nani atanyang'anywa nyavu. Kwa hiyo usiandike “kwa hiyo” mpaka uwe na hakika kwamba la pili limetokana na la kwanza. Kama hujui, andika wazi kwamba sababu haijajulikana. Hakuna aibu katika hilo.

Yapo maneno mnayoyachanganya, nami nitayataja machache tu. Katika muhtasari mmoja nimesoma kwamba mtumbwi ulizama “kwa ajili ya upepo.” Hapana, mwanangu. “Kwa ajili ya” huonyesha lengo au anayenufaika: tumechanga kwa ajili ya mjane. Mtumbwi ulizama kwa sababu ya upepo. Neno “aidha” nalo limepotoshwa sana siku hizi. Maana yake ni vilevile, tena, pamoja na hayo. Ukiandika “aidha alipe faini au arudishe nyavu,” msomaji makini atasimama akijiuliza unaongeza nini. Sema “ama alipe faini ama arudishe nyavu.” Na ukikanusha mambo mawili, liunge la pili kwa “wala”: hakuleta fedha wala risiti. Ukiweka “na” hapo, mtu anaweza kudai kwamba kimoja alileta.

Upande wa pili kuna wanaozidisha. Mmoja wenu ameanza karibu kila mstari kwa “halafu” au “baada ya hapo.” Kiswahili chetu kimebeba viungo vingi ndani ya kitenzi chenyewe, na hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote katika lugha hii. Ukisema “boti zikarudi, samaki wakapimwa, fedha zikagawiwa,” ile -ka- imekwisha kupanga mfuatano; “halafu” haina kazi hapo. “Walipofika” inatosha kutaja wakati. “Wakichelewa watatozwa faini” ni sharti kamili, halihitaji “kama” mbele yake. Anayeijua -ka-, -ki- na -po- ataandika ukurasa mzima ukatiririka, na ataweka “hata hivyo” au “kinyume chake” pale tu habari inapogeuka, ili msomaji aone kweli kwamba imegeuka.

Kabla hujapiga muhuri, msomee muhtasari mtu ambaye hakuwa kikaoni. Mke, kaka, muuza kahawa, yeyote mwenye subira. Kila atakapouliza “kwa nini?” au “kabla au baada?”, weka alama ukingoni, hapo ndipo kiungo kimekosekana. Mimi nilianza kufanya hivyo baada ya mkasa ule, nami nilimsomea mama yangu, ambaye hakujua kusoma lakini hakuna aliyemzidi kwa kuuliza.

Mbalamwezi ikipamba na boti zikilala ufukweni, nipo barazani kwangu kuanzia alasiri. Njooni na madaftari yenu, hasa yale ya mikopo, maana huko ndiko nilikoona mapengo mengi. Yule aliyeandika habari ya nyavu zilizoungua aje wa kwanza. Nimemaliza kurasa tatu zake bila kujua kama moto ulianza kabla mlinzi hajaondoka au baadaye.

Mzee wenu,
Ujiji