Kiti Chini ya Mparachichi

Iringa, Jumapili, 9 Novemba

Mpendwa Tusa,

Kamwene! Shikamoo yangu imfikie mama, na umwambie nafurahi kusikia mguu umeanza kutii. Huku wazima wote, mvua bado inatishia tu, na jakaranda zimemwaga maua barabara nzima. Salamu ziishie hapo, maana ujumbe wako wa Alhamisi umenikaa moyoni. Unasema tangu urudi Mbeya kumuuguza mama kuta zinakukaba, na unauliza kama ukipanda mlima Loleza au ukienda ziwa Ngosi na akina Atu utapata nafuu.

Utapata, ya siku mbili. Jumanne kuta zitakuwa palepale. Wewe unahitaji mahali padogo pa kwendea kila siku, Tusa, na pasizidi dakika tano kutoka mlangoni. Ukipaweka mbali, siku mama akiamka vibaya hutakwenda, na ukikosa siku tatu mfululizo ndiyo basi tena. Kwenu naona panafaa nyuma ya jiko, chini ya ule mparachichi, karibu na mfereji. Najua unaipenda mikaratusi ya kule juu kwa harufu yake, lakini chini ya mkaratusi huota vitu vichache, kwa hiyo wadudu ni haba na ndege ni haba. Tena matawi yake makavu huanguka hata pasipo upepo. Mparachichi una kivuli, una wadudu, na mfereji unaleta wanaokuja kunywa.

Usikae kwenye udongo mtupu. Baridi ya Mbeya asubuhi hukuingia kwa chini kabla hujaisikia mikononi. Kunja gunia mara nne, weka kipande cha turubai juu yake, au chukua kile kigoda cha jikoni. Vaa sweta la sufu. Fulana ya pamba ikishalowa ukungu inashika maji na kukunyang'anya joto. Na kabla hujaketi angalia chini kama siafu hawapiti, hasa baada ya mvua.

Toka saa kumi na mbili na robo, jua linapochomoza, mama akiwa bado usingizini. Dakika ishirini zinatosha. Simu ibaki ndani, vaa saa ya mkononi, maana ukiwa na simu utasoma ujumbe wa kikundi cha ukoo na asubuhi imekwisha. Dakika kumi za mwanzo zitakuchosha: kichwa kitahesabu dawa, kuni, ada ya mtoto, na ndege watakuwa kimya kwa sababu yako. Hapo ndipo wengi huinuka wakasema hakuna kitu. Wewe kaa. Shore ndiye hurudi kwanza, kwa kelele zake, halafu chozi na wale wadogo wa vichakani. Wakiendelea na shughuli zao kama vile haupo, utashangaa jinsi mabega yako yalivyoshuka.

Masikio yakihangaika, tafuta sauti ya mbali kabisa, labda lori linapanda barabara kuu, halafu njoo karibu kidogo kidogo mpaka usikie jani lililo kando ya mguu wako. Macho nayo yape kipande cha ardhi cha mita moja tu. Mvua ya kwanza ikinyesha, usikose kwenda kesho yake. Ile harufu ya udongo uliolowa hutoka kwa vijidudu vya ardhini vinavyotengeneza kemikali iitwayo jeosmini. Tone likipiga udongo mkavu linairusha hewani. Na kumbikumbi! Mwangalie mmoja tu. Anatoka tunduni, anapanda jani la nyasi, anaruka kwa shida, anatua, kisha anayakunja mabawa yake manne yanakatika, anaondoka kwa miguu bila kuyaangalia tena. Wakati huo mbayuwayu wanapita juu yako wakiwadaka wenzake.

Kisha andika mstari mmoja kwenye daftari: tarehe, mawingu, upepo, na kitu kimoja ulichokiona. Mstari mmoja tu, usije ukaifanya kazi nyingine. Ukianza leo, kufikia Januari utajua mwenyewe ukungu wa Loleza hupanda saa ngapi.

Mchana mvua ikianza kunguruma ingia ndani. Radi haina urafiki na mti uliosimama peke yake.

Na mama naye! Kitanda chake mgeuzie aone dirisha. Mtafiti Roger Ulrich alichapisha mwaka 1984 utafiti wa wagonjwa waliopasuliwa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani: waliolazwa kwenye madirisha yanayotazama miti waliruhusiwa mapema kidogo na walitumia dawa kali za maumivu mara chache kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Mwekee nje ya dirisha beseni pana lenye maji ya kina cha vidole viwili, na jiwe katikati la ndege kusimamia. Liwe mita mbili kutoka kwenye kichaka, paka asipate pa kuvizia, na maji ubadilishe kila baada ya siku mbili ili mbu wasizaliane.

Ngosi mwendeeni kiangazi. Mvua zinakaribia, na njia ya msituni kutokea Isongole ikilowa ni utelezi mtupu, na mteremko wa kushuka mpaka ziwani si wa kujaribu na raba. Lakini Kitulo ndiyo zamu yake inakuja: mvua zikishika, Desemba mpaka Machi, uwanda wote ule wa mita 2,600 hivi unachanua, okidi kwa makumi ya aina. Hifadhi ya taifa tangu 2005, na bado watu huchimba viazi vya okidi kwa ajili ya chikanda, chakula kinachopikwa kwa viazi hivyo, na huvushwa kwenda Zambia. Kiazi ndicho ghala la mmea. Ukikichimba, mwakani hakuna ua hapo. Inaniuma kila nikifikiri. Ukikutana na anayeuza sokoni Mwanjelwa, tafadhali usinunue hata cha kuonja.

Ila Kitulo ni ya Februari. Mparachichi ni wa kesho asubuhi.

Sasa nijibu haya: mfereji una maji kipindi hiki au umekauka? Dirisha la mama linatazama upande gani? Yule binti wa kina Mwakasege bado analala hapo, anaweza kukaa na mama hizo dakika ishirini? Usiku unalala saa ngapi kweli, usinifiche? Na ndege gani alirudi wa kwanza?

Wako akupendaye,
Neema